Breki ya Mafuta na Posa ya Swabaha

Jumamosi, 6 Agosti 1966

Siku njema iliyoharibika baada ya adhuhuri. Naandika mguu ukiwa juu ya mto. Mto wenyewe ni wa Mzee Badawi. Ilinibidi niuchukue, maana ni mimi niliyeupasua.

Nianze na piki piki. Ni ya Kimarekani. Niliinunua kwa injinia wa meli aliyekuwa akirudi kwao, na sijaona nyingine kama hii kisiwani. Binami yangu Sheikhan ana skuta. Skuta! Kitu cha kukalia kama mtu aliye juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Breki za skuta ni za waya. Breki yangu ya nyuma ni ya mafuta. Wakanyaga pedeli, mafuta yasukumwa ndani ya bomba, gurudumu lashikwa. Nimemweleza Sheikhan jambo hili mara nyingi, hata akiwa anakula.

Asubuhi niliona skrubu ndogo kwenye gurudumu la nyuma. Nikadhani ni ya kutilia grisi, nikaifungua. Mafuta yakachuruzika. Nikaifunga haraka, nikapangusa, nikajisifu kwa wepesi wa mikono. Sikumwambia mtu.

Baada ya adhuhuri nikaishusha piki piki barabara ya Ndia Kuu kwa madaha, kwani ndiyo saa Swabaha hufungua dirisha la juu. Swabaha ni binti wa Mzee Badawi, mshona magodoro. Ami yangu Jamaldin alimpelekea mzee posa yangu mwezi uliopita, na jibu bado. Nia yangu ilikuwa nisimame mbele ya mlango wao taratibu, kama waziri. Nikakanyaga breki. Pedeli ikazama kama nimekanyaga kaimati. Breki ya mbele ni ya waya, na ni ya kujipa moyo tu. Nikaupita mlango. Nikaingia dukani kwa mzee.

Alhamdulillahi ni duka la magodoro! Sufi iliruka mpaka baraza ya pili. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa wakapata ndevu mpya. Mzee Badawi hakupandisha sauti. Alijitoa sufi mdomoni, akasema, "Kitu kisichojua kusimama hakina adabu. Sitampa binti yangu mtu wa kitu kama hicho."

Jioni Ami Jamaldin akamwendea kumbembeleza, akarudi na sharti. Ijumaa baada ya alasiri nimpakie Mzee Badawi mpaka Mama Ngina, kule ufuoni, na kurudi. Kila akisema simama, piki piki isimame. Ikikataa hata mara moja, posa imekataliwa, na mamake Sheikhan yuko tayari kumposea mwanawe nyumba ile ile. Sheikhan! Na mbuzi yake ya nazi!

Swabaha alicheka pale dirishani. Niliona macho na vidole tu. Ni dalili njema.

Jumapili, 7 Agosti

Nimechechemea na piki piki yangu mpaka Makupa, kwa Nicodemus, karani mwenzangu wa bandarini. Ana gari kuukuu analolitengeneza mwenyewe kila Jumapili, mpaka mkewe Truphosa anasema akimwona safi humdhania mgeni. Nicodemus alibonyeza pedeli kwa kidole, akauliza nani aliyefungua skrubu. Nikamjibu huenda ni yule injinia aliyeniuzia.

Ugonjwa ni hewa. Imeingia ndani ya bomba. Mafuta hayabonyei lakini hewa hubonyea, kwa hivyo mguu wangu unabonyeza hewa na gurudumu halina habari. Dawa ni kuitoa, na yataka watu wawili. Mmoja anakanyaga pedeli mara kadhaa kisha anaishikilia chini. Wa pili anafungua skrubu, hewa inatoka kwa mpira mwembamba uliozamishwa ndani ya chupa yenye mafuta, kisha anaifunga. Hapo ndipo yule wa kwanza aachie. Wanarudia hivyo, huku wakiongeza mafuta ndani ya kikombe cha breki, mpaka mapovu yaishe.

Akakazia jambo moja. Mguu usiachie pedeli skrubu ikiwa wazi, hata kidogo, la sivyo breki itavuta hewa upya na kazi yote itarudi mwanzo. Nikamwambia nimeelewa. Akasema hajamaliza. Nikamwambia nimeelewa hata hivyo.

Angenisaidia mwenyewe, lakini anapanda treni ya jioni kwenda kwao kwenye harusi ya dadake. Watu wengine wana bahati ya harusi.

Nyumbani nimemweleza Nana. Huyu ni bibi yangu, mamake babangu, ndiye aliyenilea na ndiye ninayekaa naye. Alisikiliza mpaka mwisho akitafuna tambuu, kisha akasema yeye mguu anao. Nilicheka mpaka kifundo kikaniuma. Nikamwambia hii ni kazi ya wanaume.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimetuma habari kazini kwamba jino linaniua.

Nimewaza usiku kucha, nikaona kwa nini nigawane sifa na mtu? Jiwe litatosha. Tunalo jiwe zito la kuegeshea mlango. Jiwe halina kijicho, halina skuta. Piki piki ikabaki nje, maana usukani hauingii mlangoni mwetu hata uuombe. Nikaliweka jiwe juu ya pedeli. Likashikilia vizuri kuliko mtu. Nikafungua skrubu, hewa ikatoka blubu blubu, nikaimba. Nikasahau kwamba jiwe halina mikono. Lilianza kuteleza kabla sijafunga. Likaangukia mguu. Ule ule. Pedeli ikaruka juu, na chupani nikaona mafuta yakipanda mpirani kurudi ndani, na hewa ikiyafuata.

Nikiwa narukaruka nikamwona mkubwa wangu wa kazi akija Ndia Kuu, anatafuta zawadi za kupeleka kwao. Akili haikunipotea. Nikatia bonge la halwa shavuni. Akatazama shavu, akatazama machozi, akaniambia nipumzike wiki nzima. Halwa ilikuwa nzuri.

Nana aliuliza tena kama nataka mguu. Nilimshukuru.

Jumanne, 9 Agosti

Nimemeza machungu. Nimemwomba Sheikhan. Alikubali haraka mno, jambo lililonitia shaka, lakini siku zinakwisha.

Alikaa juu ya kigoda, mguu pedelini. Mimi nikalala chini na spana yangu. Nikasema kanyaga, akakanyaga. Nikasema shikilia, akashikilia. Nikafungua. Mara ikaja salamu juu ya vichwa vyetu. Maalim Faraj! Ndiye aliyetufundisha Kurani sote wawili, na fimbo yake naikumbuka mpaka leo. Nani atamwitikia Maalim akiwa amelala chali? Tukasimama sote. Sheikhan akambusu mkono. Mimi nikapangusa wangu kwa kikoi, nikambusu. Akatuuliza hali zetu, na hali ya Nana, na Ami, na mguu, na jino, maana la jino limeshaenea. Tukamjibu yote kwa utaratibu wake. Alipokwenda zake tukarudi kazini. Mapovu yameongezeka. Ajabu!

Tukaanza upya. Kanyaga, shikilia, fungua. Akapita baba wa rafiki yetu aliyetoka Lamu jana. Tukasimama. Huyo alikuwa na habari za watu wote wa Lamu. Kanyaga, shikilia, fungua. Akapita Kaingu muuza kahawa. Kaingu si mzee, lakini alikuja kutupa pole, na mtu anayekupa pole humpi kisogo. Kisha wakapita shangazi zangu, na shangazi wale hawapiti, hutua. Kufika magharibi chupa ya mafuta ilikuwa tupu na pedeli ni laini kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Nana alikuwa dirishani muda wote. Alianza kusema kitu kuhusu kuinuka kwetu. Nikamwomba asitukatize, tunapiga hesabu.

Hesabu yangu ni hii: Sheikhan ananifanyia hila. Mguu wake una nia mbaya. Nimemwambia asirudi, naye amesema mamake ameshanunua udi wa kupeleka kwa Mzee Badawi.

Jumatano, 10 Agosti

Nimegundua! Si mguu wa Sheikhan peke yake. Ni hasadi. Kila apitaye anaikodolea macho piki piki yangu, na kila akipita mapovu yanazidi. Kwa nini sikuliona jana?

Basi leo nikajipanga. Nana alitoka asubuhi kwenda kumtazama rafiki yake Mwanakhamis huko Kuze, kwa hivyo nikawa na nafasi. Nikachukua shuka zake nyeupe, nikazitundika kwa kamba nje ya mlango, zikaizunguka piki piki pande zote. Nikafukiza ubani kuondoa macho ya watu. Nikaleta ndoo za maji na sabuni nikaosha gurudumu, maana Nicodemus alisema uchafu ni adui. Maji yakapita chini ya shuka yakateremka ndiani. Pedeli nikaifunga kwa kamba, niivute kwa meno. Mpango safi kabisa.

Mara nikasikia watu nje wakinong'ona. Kisha nikasikia kilio cha mwanamke. Mamake Sheikhan! Kisha sauti ya Maalim Faraj akisoma. Nikajua amekufa mtu, tena mtu mkubwa. Nikatoka nje ya shuka nikiwa nimelowa mpaka viwikoni. Mtaa mzima uko pale, wanaume wamekaa chini, na vijana wa msikitini wameleta jeneza. Kila mtu akanikumbatia. Wakaniambia nifanye subira, hii ndiyo ndia ya sote. Mzee Badawi mwenyewe alikuwa amefunga duka, akanishika mkono asiuachie. Nikalia. Sikujua namlilia nani, lakini nililia sana, na watu wakaona nimelelewa vizuri.

Nikiwa katikati ya kilio, Nana akatokea kwenye kona na kikapu chake. Akapenya watu mpaka mbele. Akauliza amekufa nani. Akatazama shuka zake, akatazama maji, akavuta pumzi ya ubani, akaliona jeneza.

"Nimekufa mimi," akasema, "na sikuambiwa?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Maalim Faraj, kofia ikamwanguka. Kisha mtaa wote. Mamake Sheikhan alicheka na kulia kwa pamoja mpaka wakamshika. Kwa kuwa kahawa ilikuwa imeshapikwa na watu wamekwisha kaa, Maalim akamwombea Nana dua ya umri mrefu, na kaimati zikaletwa, na vijana wakala juu ya jeneza mpaka wakafukuzwa. Nana alisema hajapata karamu nzuri hivi tangu harusi yake.

Mzee Badawi peke yake hakucheka. Aliinua pembe ya shuka, akaiona piki piki, akaiteremsha. Akanikumbusha kwamba Ijumaa ni keshokutwa. Nimeogopa kweli. Swabaha asiponipata mimi atampata Sheikhan, na nitamwona akipita Ndia Kuu kila siku juu ya kitu cha breki za waya. Sitaweza.

Alhamisi, 11 Agosti

Leo Nana hakuuliza. Alitoka na kiti chake na mkongojo, akakaa ubavuni mwa piki piki, akavua champali, akaweka mguu juu ya pedeli. Nikaanza kumweleza utaratibu. Akaniambia ameusikia wiki nzima, na nikilala chini nitakuwa na faida zaidi.

Nililala. Sikuwa na mtu mwingine.

Kanyaga, shikilia, fungua. Akapita mtu, akatoa salamu. Nana akaitikia. Mguu chini. Akapita mwingine, akainama, akambusu mkono, akasema shikamoo. Marahaba. Mguu chini. Nana ndiye mkubwa wa mtaa huu, hana wa kumwinukia. Wao ndio wanaomjia, wanainama, wanakwenda zao, na pedeli haina habari. Leo walikuja wengi kuliko kawaida, maana kila mtu alitaka kumwona maiti wa jana.

Kisha nikazisikia champali za Maalim Faraj. Skrubu ilikuwa wazi. Mwili wangu wenyewe ukaanza kuinuka, sikuuamuru. Nana akanibana bega kwa mkongojo mpaka nikalala tena.

"Lala hapo hapo," akasema. "Salamu za huyu nitazitoa mimi, Maalim. Leo adabu yake iko kwangu." Maalim akasema hapana neno, na akaniuliza hali ya jino nikiwa chini.

Nikafunga. Akaachia. Tukarudia. Mapovu yakawa makubwa, kisha madogo, kisha mafuta matupu, safi kama samli. Nikakanyaga pedeli mwenyewe. Ngumu! Kama nakanyaga baraza! Nilimbusu Nana mikono yote miwili na kichwa, nikapiga vigelegele, kitu ambacho wanaume hawapigi.

Nimefikiri kwa makini sababu ya mafanikio haya. Ni chupa mpya ya mafuta. Niliichagua mimi.

Ijumaa, 12 Agosti

Baada ya alasiri Mzee Badawi alikwea nyuma yangu kwa kanzu na koti, mkono mmoja kofiani, mkono mmoja mbavuni mwangu. Mtaa ulitoka. Sheikhan alikuwa juu ya skuta, anasubiri nianguke. Dirisha la juu lilikuwa wazi.

Hatujafika mlango wa nne akasema simama. Nikakanyaga. Ikasimama papo hapo, taratibu, kama waziri! Nikadhani anajaribu breki. Kumbe amemwona mshona kofia kizingitini. Akamsalimu, akamuuliza hali yake, na wanawe, na mgongo wake, akaitikiwa, akasema twende. Milango miwili mbele, simama. Muuza ubani. Simama. Watu wa baraza ya kahawa, na hao husalimiwa mmoja mmoja. Karibu na Ngome tulisimama kwa mtu aliyemdhania Gharib wa Kibokoni. Hakuwa Gharib, lakini alisalimiwa.

Mama Ngina tulifika jua limekwisha poa. Watu wametoka kupunga upepo, mihogo inachomwa, madafu yanakatwa, na Mzee Badawi anawajua wote. Simama, simama, simama. Kifundo kiliniuma mpaka machozi, lakini breki haikuzama hata unywele. Wakati wa kurudi tukawakuta wale wale, akawasalimu upya kama ametoka Hijja.

Mlangoni kwake alishuka, akanyoosha kanzu. Moyo wangu ulidunda nikausikia kuliko injini.

"Mwaka jana Sheikhan alinipakia," akasema. "Nilipitishwa mbele ya watu wazima kama gunia, salamu zikabaki mdomoni. Kesho yake nikazunguka mji mzima kwa miguu nikitaka radhi. Hii yako yasimama. Mwambie amiyo aje."

Nililia tena mbele yake, mara ya pili wiki hii, na safari hii nilijua kwa nini. Dirishani zikasikika vigelegele na mtu akanyamazishwa. Usiku huu Nana amerudi kutoka kwa Mzee Badawi na mto mdogo wa sufi wa kiti cha nyuma, umeshonwa ua pembeni. Hakusema umetoka kwa nani. Sijaona mto mzuri kama huu maishani mwangu. Sitaukalia.

Jumapili, 14 Agosti

Harusi ni mwezi ujao, inshallah! Tena Mzee Badawi ataka leo alasiri nimpakie Marikiti akachague ndizi, maana kule ana watu wengi hajawasalimu.

Asubuhi Sheikhan alikuja kunipa mkono wa heri. Nikaona vibaya aondoke bila elimu. Nikamwambia akae nimwonyeshe jinsi hewa inavyotolewa, ili siku akipata chombo cha maana asihangaike. Watu wa baraza wakasogea kutazama. Nana akasema breki nzima haifunguliwi. Nikamweleza kwamba hili ni somo, si matengenezo. Akasema basi yeye akanyage. Nikamwambia astarehe, ameshafanya ya kutosha.

Kanyaga. Shikilia. Nikafungua skrubu, mafuta safi yakatoka, nikaanza kueleza. Mara nikasikia salamu. Mzee Badawi! Mkwe wangu! Nikaruka kama nimeungua. Sheikhan naye akaruka. Tulimsalimu vizuri sana, hali zote, na za ndizi.

Ameenda kuvaa koti. Pedeli ni kaimati.

Sababu naijua. Ni mguu wa Sheikhan, nilisema tangu Jumanne. Alasiri haijaadhiniwa, bado muda upo, na lile jiwe la mlangoni naona nikilifunga kwa kamba litatulia. Nana ameshatoka na kiti chake na amevua champali. Nimemwambia arudi ndani apumzike, hii ni kazi ya wanaume.